RDP, VNC, apu za ID au msimbo wa muda: njia ipi ya kushea skrini kati ya kompyuta mbili, ukiangalia kila moja inavyogoma

Siku ikikubali, njia zote za kushea skrini ni nzuri. Unafungua, desktopu ya kule inakuja, unasogeza mausi, kazi inaisha. Tofauti zake utazijua siku imegoma, we uko mbali, na mtu pekee aliye karibu na ile mashine ni shangazi yako ambaye ukimuuliza "shangazi, imeandika nini hapo?" anakujibu "imeandika kizungu mwanangu, nimeshaifunga".

Kwahiyo mi huwa nachagua kwa kuanzia kwenye ugonjwa. Swali langu kubwa ni hili: ikigoma, dawa yake iko upande wangu au upande wa yule aliye mbali? Kama iko upande wake na yeye hajui kitu, hiyo njia haikufai hata kama inasifiwa vipi.

Vigezo

Cha kwanza ni nani yuko upande wa pili, kuna mtu wa kubonyeza "kubali" au mashine iko peke yake chumbani. Cha pili ni mtandao, mko waifai moja au kila mtu na intaneti yake, maana kuna njia zinazoteleza vizuri ndani ya nyumba moja afu zikitoka nje haziendi popote. Cha tatu ni aliyeko kule anaona nini wewe ukiwa umeingia, hiki watu hukisahau na ndo huleta maneno. Cha nne inagoma vipi na inatibiwa vipi, cha tano usalama. Kasi na usafi wa picha nitavigusa njiani tu, kwa sababu kwa kazi za kawaida zote zinatosha, labda uwe unataka kuhariri video au kucheza gemu ukiwa mbali na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kabla hujailaumu programu

Kuna magonjwa hayajali umechagua nini, na ndo hayo yanayowafanya watu wabadilishe apu tatu kwa siku moja wakati shida iko palepale.

La kwanza, mashine imelala. Laptopu ikifunikwa au ikiachwa muda inalala, na ikishalala hakuna njia hapa itakayoifikia, labda uwe uliandaa Wake-on-LAN (kuiamsha mashine kupitia mtandao) mapema na kuna kifaa kingine mtandao huohuo cha kuiamsha. Ingia setingi za umeme, iambie ikiwa kwenye chaji isilale kabisa. Skrini ikizima yenyewe haina shida.

La pili, mnadhani mko mtandao mmoja kumbe hamko. Waifai ya wageni kwenye rauta nyingi inazuia vifaa visionane, kwahiyo wote intaneti mnayo, video zinacheza vizuri, na bado kompyuta haziongei. Angaliani anwani za IP, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao. Kama yako ni 192.168.1.20 na yake ni 192.168.0.15, uwezekano mkubwa mko nyuma ya rauta mbili tofauti. Ukikuta inaanza na 169.254 basi hiyo mashine haijapewa anwani na rauta, hapo tibu mtandao kwanza. Na usiiamini sana ping (ile amri ya kuuliza mashine kama ipo), kwa sababu faiwali ya Windows mara nyingi inaikataa ping huku poti unayoitaka (mlango wa mtandao wenye namba) iko wazi kabisa. Kipimo kizuri zaidi ni kufungua PowerShell na kuandika Test-NetConnection, jina au IP ya mashine ya kule, halafu -Port na namba ya poti. Ikirudisha True kwenye mstari wa TcpTestSucceeded, njia ipo, kilichobaki ni mambo ya akaunti na pasiwedi.

La tatu ni la Mac na limewasumbua watu tangu macOS Catalina ya 2019. Apu inaunganisha vizuri, lakini unaona ile picha ya nyuma ya desktopu tu, madirisha hamna, au unaona kila kitu lakini mausi haifanyi kazi. Hizo ni ruhusa mbili tofauti kwenye Privacy & Security: ya kurekodi skrini ndo inakupa kuona, ya Accessibility ndo inakupa kugusa. Mwenye Mac lazima aziwashe mwenyewe akiwa mbele ya mashine, afu aifunge ile apu kabisa na kuifungua upya, la sivyo utaendelea kubishana na skrini.

Kwa Linux kisanga ni Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini unaochukua nafasi ya ule wa zamani, X11 (au Xorg). Programu nyingi za zamani za kushea skrini ziliandikwa kwa ajili ya X11, zikikutana na Wayland zinatoa giza au zinakataa waziwazi. Kwenye skrini ya kulogini angalia kama kuna chaguo la kuingia kwa Xorg, kama lipo jaribu hilo kabla hujafuta kitu.

Haya, sasa tuingie kwenye zenyewe.

RDP ya Windows

*Inavyofanya kazi.* RDP (Remote Desktop Protocol) imo ndani ya Windows, hauinstoli chochote, unafungua mstsc (programu yake ya kuunganishia), unaandika jina la mashine, unalogini. Poti yake ni 3389. Ni nyepesi sana kwenye intaneti mbovu ukilinganisha na wenzake, skrini ya kule inajipanga ikae sawa na dirisha lako, sauti inakuja, kukopi huku na kupesti kule kunaenda.

*Aliyeko kule anaona nini.* Haoni kitu. Ukiingia kwa RDP kwenye Windows ya kawaida, skrini ya kule inajifunga na kuonyesha sehemu ya kulogini, na yeye akilogini kwenye akaunti hiyohiyo, wewe unatolewa. Kwahiyo kwa kumwelekeza mtu "bonyeza hapa, umeona?" hii siyo, hii ni ya kutumia mashine yako mwenyewe ukiwa mbali.

*Inapogoma.* Hapa kuna mengi, na mazuri ni kwamba mengi yana sababu moja inayoeleweka. Swali la kwanza kabisa: Windows ya kule ni toleo gani? Home haiwezi kupokea RDP, inaweza tu kwenda kwa wenzie. Lazima iwe Pro, Enterprise au Education. Nimewahi kukaa jioni nzima nachokonoa faiwali, nafungua poti, nafunga antivairasi, nawasha tena, mpaka nikaja kuangalia kwenye About nikakuta Home. Tangu siku hiyo hilo ndo swali langu la kwanza kabla hata ya salamu.

Kama ni Pro na imekataa, angalia pasiwedi. Akaunti isiyo na pasiwedi haikubaliwi kuingia kwa mbali, hivyo ndo Windows ilivyo. Ile PIN ya namba nne unayoingilia asubuhi nayo haitumiki, RDP inataka pasiwedi ya akaunti, na kama ni akaunti ya Microsoft basi ni ile ya imeli. Kuna mtu kaanza na PIN tangu siku ya kwanza hajawahi kuandika pasiwedi kwenye hiyo kompyuta, huyo inabidi alogini kwa pasiwedi angalau mara moja pale pale kisha RDP ndo inaelewa. Kama mtumiaji sio admini, aongezwe kwenye kikundi cha Remote Desktop Users. Afu angalia mtandao umewekwa Public au Private, ukiwa Public faiwali inakuwa kali zaidi. Umeingia na umekuta giza tupu? Bonyeza Ctrl+Alt+End, ndo Ctrl+Alt+Del ya upande wa pili, fungua Task Manager uianzishe upya explorer.exe, ndo inayochora desktopu.

*Usalama.* Usifungue 3389 kwenye rauta yako ikaangalia intaneti nzima. Nasema hili kwa herufi ndogo lakini lichukulie kwa herufi kubwa. Kuna mashine zinazozunguka intaneti mchana na usiku zikitafuta hiyo poti na kujaribu pasiwedi, na mwaka 2019 ilitoka ile kasoro ya BlueKeep ambayo kwa Windows za zamani mtu hakuhitaji hata pasiwedi. Ukitaka RDP kutoka nje pitia VPN (njia iliyofichwa inayounganisha mashine zako kupitia intaneti), mfano WireGuard au Tailscale, ukishaingia kwenye VPN mashine ya kule inakuwa kama iko chumba cha pili. Na hata ungetaka kufungua poti, kampuni nyingi za intaneti zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, ukiona anwani ya nje kwenye rauta iko kati ya 100.64 na 100.127 jua kufungua poti hakutakusaidia chochote.

*Inamfaa nani.* Mwenye Windows Pro anayetaka kuifikia mashine yake mwenyewe na yuko tayari kuandaa VPN mara moja.

VNC

*Inavyofanya kazi.* VNC (Virtual Network Computing) ni mzee wa siku nyingi, alizaliwa kwenye maabara ya utafiti kule Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, na itifaki yake iko wazi, kwahiyo programu zake ni nyingi: TightVNC, UltraVNC, TigerVNC, RealVNC. Inachukua picha ya skrini kama ilivyo na kukutumia vipande vilivyobadilika. Haijali Windows, Mac wala Linux, na ile Screen Sharing ya Mac yenyewe inaelewa VNC.

*Aliyeko kule anaona nini.* Kila unachofanya. Mausi yenu ni moja, mnaweza mkagombania.

*Inapogoma.* Poti yake ni 5900 ukijumlisha namba ya skrini, yaani skrini ya sifuri ni 5900, ya kwanza ni 5901, na hapa ndo Linux inawachanganya watu. Ukianzisha vncserver kwenye Linux mara nyingi haikuonyeshi skrini ile iliyo mezani, inatengeneza skrini nyingine ya kufikirika, kwahiyo we unaona desktopu tupu mwenzio anasema "mbona hakuna kinachosogea hapa". Wote mko sahihi. Ukitaka skrini ya mezani tumia x11vnc kama uko X11. Na ukikuta rangi ya kijivu tupu, VNC imewaka ila mazingira ya desktopu hayajawaka, angalia faili la xstartup, ndo linaloyawasha.

Kwenye Windows iinstoli kama huduma ya mfumo, ukiiendesha kama programu ya kawaida hutaona sehemu ya kulogini wala yale maswali ya admini. Kompyuta isiyo na skrini iliyochomekwa inaweza kukupa giza au picha ndogo ya ajabu, dawa yake ni kile kidude cha HDMI kinachojifanya skrini. Ikiwa nzito, punguza rangi na ubora wa picha kwenye programu yako ya kutazamia, usihangaike na ya kule.

*Usalama.* Hapa VNC ya kizamani ni dhaifu. Pasiwedi yake inaishia herufi 8, hata ukiandika 20 zilizobaki hazihesabiwi, na picha zenyewe zinapita bila kufichwa. Kuna matoleo yaliyoongeza ulinzi, lakini ukitoka nje ya nyumba ipitishe kwenye VPN au SSH (njia nyingine iliyofichwa ya kuingia kwenye mashine), usibishane.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine za aina mchanganyiko ndani ya mtandao mmoja, au anayeshughulika na Linux na haogopi kufungua faili la setingi.

Apu za ID: TeamViewer, AnyDesk, RustDesk

*Inavyofanya kazi.* Kila kompyuta inapewa namba yake, unaandika namba ya mwenzio, yeye anakubali, umeingia. Rauta na poti haviwahusu kwa sababu pande zote mbili zinatoka nje kwenda kwenye seva ya kampuni na kukutanishwa huko. TeamViewer inaanza na poti 5938, ikikwama inashuka 443 na 80. Ndo maana hizi zinafanya kazi hata mahali ambapo RDP haina hata ndoto ya kupita.

*Aliyeko kule anaona nini.* Kila kitu, na anaweza kukukata muda wowote.

*Inapogoma.* Mara nyingi ni moja kati ya haya matatu. Moja, apu ya kule haiko mtandaoni, yaani mashine imelala au apu imefungwa, muulize kama anaona taa ya kijani kwenye dirisha lake. Mbili, imeunganisha ila inasubiri picha milele: hapo angalia kama mashine ya kule ina skrini iliyochomekwa, draiva ya kadi ya picha, na zile ruhusa za Mac nilizosema juu. Tatu, na hii ndo inayowatoa watu jasho, mnaendelea vizuri afu ghafla skrini inaganda au inakuwa nyeusi pale unapotaka kuinstoli kitu. Apu haijafa. Windows imeleta lile swali la "ruhusu programu hii ifanye mabadiliko?" kwenye skrini iliyolindwa, na apu inayoendeshwa bila kuinstoliwa hairuhusiwi kuiona. Mwambie aliyeko kule abonyeze ndiyo, picha itarudi. Kama kazi yenyewe ni ya kuinstoli instoli, bora apu nayo iinstoliwe kabisa mwanzoni.

Halafu kuna suala la bure. TeamViewer ni ya bure kwa matumizi binafsi na ina mashine ya kunusa biashara, ikihisi unafanya kazi ya kulipwa inaanza kukukatia vikao baada ya muda mfupi, na kurudi kwenye hali ya kawaida inabidi uombe. Ukiwa unasaidia watu kumi tofauti kwa wiki, hata kama ni ndugu zako wote, usishangae kunuswa. RustDesk iko wazi kimsimbo na unaweza kuweka seva yako mwenyewe, ila hapo ikigoma we mwenyewe ndo kampuni, poti zake zinaanzia 21115 na lazima zifunguliwe kwenye seva.

*Usalama.* Picha zimefichwa njiani, tatizo kubwa liko kwa binadamu. Matapeli wanazipenda hizi apu kuliko mtu yeyote: anakupigia, anajifanya fundi au mtu wa benki, anakuomba ile namba. Mfundishe mzee wako sheria moja, namba anampa mtu aliyempigia yeye mwenyewe tu. Na ukiweka pasiwedi ya kuingia bila kuulizwa, iwe ndefu na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

*Inamfaa nani.* Anayesaidia mtu asiyejua kompyuta, kwenye intaneti tofauti, mara kwa mara.

Msimbo wa muda: Chrome Remote Desktop na Quick Assist

*Inavyofanya kazi.* Hapa hakuna namba ya kudumu, kuna msimbo unaokufa. Chrome Remote Desktop inatoa tarakimu 12 zinazodumu dakika 5. Quick Assist iko kwenye Windows, msaidizi anaingia kwa akaunti ya Microsoft na kutoa msimbo unaodumu dakika 10, anayesaidiwa hahitaji akaunti. Chrome inaweza pia kuwekwa ya kudumu kwa PIN ya tarakimu 6 au zaidi kwenye mashine zako mwenyewe.

*Aliyeko kule anaona nini.* Kila kitu, na kwenye msaada wa Chrome anaulizwa kila baada ya dakika 30 kama aendelee kushea. Akiwa ameenda jikoni, umekatika.

*Inapogoma.* Kwanza, msimbo umeshakufa huku mnasomeana kwenye simu "tisa au tano?", tengeneza mpya, usirudie wa zamani. Pili, mwelekeo umekosewa: kwenye Chrome msimbo unatoka kwa anayesaidiwa, kwenye Quick Assist unatoka kwa msaidizi, nimeona watu wawili wote wanasubiri mwenzie atume. Tatu, Quick Assist ya zamani iliyokuja na Windows 10 iliachwa mwaka 2022, ikigoma kufunguka chukua mpya kutoka Microsoft Store. Nne, kuona sio kugusa, kwenye Quick Assist unaanza kwa kutazama kisha unaomba kuendesha na mwenzio anakubali mara ya pili. Na lile giza la swali la admini lipo hapa pia. Kwenye mitandao ya ofisi Chrome inaweza ikaunganisha kwa kusuasua au isiunganishe kwa sababu mtandao unazuia UDP (aina ya usafirishaji wa data inayoitumia), jaribuni intaneti ya simu mpime.

*Usalama.* Kwa msaada wa mara moja hii ndo naipenda zaidi, mkimaliza hakuna mlango uliobaki wazi. Ukiiweka ya kudumu kwa Chrome, usalama wako wote uko kwenye akaunti ya Google na hiyo PIN.

*Inamfaa nani.* Msaada wa leo tu, au mtu aliyekatazwa kuinstoli apu za ajabu ajabu.

Sasa we uko wapi hapo?

Unamsaidia mzazi au shangazi, wote mna Windows, ni mara moja kwa miezi kadhaa: Quick Assist, kabla hujatafuta kingine. Kama kila wiki anakupigia, muwekee apu ya ID, iinstoliwe kabisa, na ufanye hivyo siku umemtembelea.

Anayesaidiwa ana Mac na wewe Windows: Chrome au apu ya ID zote sawa, ila pangeni dakika kumi za ruhusa kwanza, mwache yeye asome anachokiona na we usimharakishe.

Unataka kuifikia kompyuta yako ya kazi ukiwa nyumbani na ni Windows Pro: RDP juu ya VPN. Ikiwa ni ya mwajiri, muulize mtu wa IT kwanza, kuna ofisi kuweka apu yako mwenyewe ni kosa. Ikiwa ni Home, usinunue toleo jipya kwa ajili ya hili peke yake, Chrome yenye PIN itakutosha.

Kompyuta za Linux na Windows chumba kimoja au jengo moja: VNC, na ukiwa kwenye GNOME (desktopu ya Linux nyingi) ya kuanzia toleo la 42 cheki setingi zake za kushea, kuna RDP humo humo na aliyeko mezani anaendelea kuona.

Mashine iko mbali na hakuna mtu kabisa: weka njia mbili za aina tofauti, mfano RDP kwenye VPN na apu ya ID pembeni, kwa sababu apudeti moja tu inaweza kuondoka na mojawapo usiku. Zima kulala, weka ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, hiyo iko kwenye BIOS, setingi za mashine zinazofunguka kabla Windows haijawaka. Na kabla hujaondoka pale iristati mara moja, usilogini, afu jaribu kuingia kwa laptopu nyingine ukitumia intaneti ya simu na sio waifai ya pale. Ikikataa, bado umekaa mbele yake.